Kuishi Njoro, Kufanya Kazi Nakuru: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu kuuliza habari za Njoro. Kuna wenzangu wa kazini waliochoshwa na kodi ya Nakuru, kuna wazazi ambao mtoto wao ameitwa Chuo Kikuu cha Egerton, na kuna wastaafu wanaotafuta mahali pa kutulia. Nimekaa hapa miaka tisa, na siku tano za wiki huenda Nakuru kazini na kurudi. Nimeyakusanya majibu yangu ili mtu ayasome kwa nafasi yake kabla hajabeba kitanda.

Njoro ni mbali na Nakuru?

Si mbali. Ni kama kilomita 20 hivi, kusini-magharibi mwa jiji. Unashika barabara kuu ya kwenda Eldoret, halafu unakata kushoto kufuata barabara ya Njoro. Ukipita mji, upande mmoja unakupeleka Elburgon na Molo, mwingine unapanda hadi Mau Narok. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 nayo imepita papa hapa.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba unapanda. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Njoro inakaribia 2,200. Ukiwa ndani ya gari huoni mlima wowote, lakini ukishuka jioni mwili unajua.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na tangu hapo ploti za kando ya barabara hii zimekuwa zikinunuliwa mbiombio. Ngata sasa ni kama mtaa wa jijini. Njoro yenyewe bado ni mji mdogo: toka stejini, tembea dakika kumi upande wowote, utakutana na ng'ombe wakirudi nyumbani.

Nitafika kazini kwa wakati?

Ukiwa stejini saa kumi na mbili na robo asubuhi, utafika bila wasiwasi. Ukingoja saa moja kamili, umejitia mashakani. Saa hiyo walimu, wauguzi, wenye maduka na wanafunzi wote wanataka matatu, na matatu ni ya watu kumi na wanne tu. Safari yenyewe ni nusu saa hadi dakika arobaini. Muda mwingi hupotea kwenye kungoja gari lijae, na kwenye foleni ya kuingia jijini.

Jioni ndiyo ngumu zaidi. Mvua ikinyesha Nakuru saa kumi na moja, nauli hupanda papo hapo, na aliyezoea kulipa hesabu moja hujikuta akitoa nusu yake tena juu. Weka akiba ya nauli ya siku za mvua kwenye bajeti yako, kwa sababu huku siku za mvua ni nyingi. Baada ya saa mbili usiku magari huadimika, kwa hiyo kama kazi yako ni ya zamu, fikiria mara mbili.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulipata nilipokuwa naishi mtaa wa Shabab, Nakuru. Baada ya miezi michache makanga wanakujua. Siku moja mtoto alinichelewesha, nikafika stejini nikihema, nikakuta matatu imejaa pomoni, injini inanguruma, na makanga amesimama mlangoni ameziba njia kwa mkono. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. "Mama, leo umetuchelewesha," akaniambia, akaniondolea mkono niingie. Abiria kumi na watatu walikuwa wamengoja, na hakuna aliyenung'unika.

Kodi ikoje?

Ni nafuu kuliko Nakuru, ila si kila mahali. Karibu na lango la chuo, hasa Njokerio, bedsita na vyumba vya mtu mmoja huenda kwa bei inayopangwa kwa mfuko wa mwanafunzi, na mwezi wa Septemba wanafunzi wapya wakiingia utapata shida kupata chumba. Familia ni heri itafute upande wa mjini au njia ya Elburgon. Uliza mambo matatu kabla ya kutoa deposti: kila nyumba ina mita yake ya stima au mnagawana tokeni? Maji yanatoka wapi? Na njia ya kuingia ina murram?

Swali la njia nililijua kwa kuumia. Nyumba yetu ya kwanza tuliiona Januari, udongo mkavu, gari likafika hadi mlangoni. Aprili ilipofika, ule udongo mweusi uligeuka uji. Nilikuwa natoka nyumbani na gambuti, nabeba viatu vya kazini kwenye mfuko wa plastiki, na kuacha gambuti kwa mama mboga aliyekuwa na kibanda kando ya lami. Alinihifadhia gambuti hizo msimu mzima na hakuwahi kudai hata shilingi.

Maji ni mazuri?

Hili ndilo swali ningependa kila mtu aanze nalo, na karibu hakuna anayeliuliza. Watu huuliza kama maji *yapo*. Yapo. Kuna ya bomba, kuna visima vilivyochimbwa kwa mashine, kuna ya mkokoteni. Tatizo ni kilicho ndani yake.

Sisi tunakaa kwenye Bonde la Ufa, juu ya mawe ya volkano. Maji ya chini ya ardhi hukaa katikati ya mawe hayo miaka mingi, yakiyeyusha madini taratibu, na mojawapo ya madini hayo ni floraidi. Kidogo ni nzuri kwa meno, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya sehemu hizi hupita hapo. Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka minane, kwa sababu meno yao ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi wakati huo. Jino likishatoka na doa, haliwi jeupe tena kwa kupigwa mswaki. Na mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka, hata mifupa na viungo hukakamaa.

Tulipohamia hapa, kifungua mimba wetu alikuwa na miaka miwili. Ploti ilikuwa na kisima, maji safi kama kioo, hayana harufu wala ladha. Mwenye nyumba aliyasifia na sisi tukayasifia. Tukayachemsha kila siku kama tulivyofunzwa na wazazi. Hatukujua kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu na hakuondoi floraidi hata chembe. Tena sufuria ikichemka sana maji yanapungua na floraidi inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea. Alipong'oa meno ya utotoni, meno mapya mawili ya juu ya mbele yaliota na mistari ya rangi ya chai ya rangi. Leo ana miaka kumi na mmoja. Akicheka, mkono unapanda wenyewe kufunika mdomo. Kila nikiuona mkono ule, nakumbuka lile jagi la maji mezani.

Kwa hiyo, nakuomba ufanye hivi. Kama ni kisima, chukua maji kwenye chupa safi uyapeleke yapimwe maabara kabla hujahamia na watoto, na usiridhike na kuambiwa "sisi tumeyanywa miaka yote". Waangalie vizuri vijana waliozaliwa kwenye ploti hiyo: meno yao yatakujibu. Pia kuna vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na vichujio vyake vimefika hata shuleni. Ule mkaa huchoka baada ya muda, lazima ubadilishwe; kichujio kilichosahauliwa ni sawa na ndoo tu. Na kama unapenda kutia magadi kwenye maharagwe ili yaive haraka, punguza. Magadi nayo yana floraidi.

Maji ya mvua ndiyo mkombozi wetu. Hayana floraidi ya kutisha kwa sababu hayajapita kwenye mawe, na Njoro inapata mvua ya karibu milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka. Piga hesabu na mimi: paa la mabati lenye ukubwa wa mita mraba 50, likipata mvua ya milimita 10, linateremsha lita 500. Hata ukitoa zinazomwagika, mvua tatu nzuri zinatosha kujaza tangi la lita 1,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uelekeze bomba la gata kwenye tangi. Maji ya tangi chemsha au yatie dawa, kwa sababu ya vijidudu. Sisi tumetenga: ya mvua ni ya kunywa na kupikia, ya kisima ni ya kufulia na kuogea. Mtoto wetu wa pili amekulia kwenye maji ya tangi, na meno yake ni meupe.

Ni kweli kuna baridi?

Kweli kabisa, Julai hasa. Nguo zinakaa kambani siku mbili. Njoo na blanketi nzito na sweta ya kila mtu. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata baridi ikuume vipi. Moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini, na chumba cha bedsita ni kidogo sana. Ota moto jioni, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala.

Chakula ni bei rahisi?

Kinachotoka shambani hapa, ndiyo. Waru (viazi), kabichi, karoti, njegere, sukuma wiki, maziwa. Waru nyingi ni za aina ya Shangi, zinaiva upesi na zinapondeka vizuri kwenye mukimo, ila hazikai: ukinunua gunia ukaliweka stoo, muda si muda zimechipua. Nunua kwa gorogoro, kidogo kidogo. Maziwa nayo usinunue ya pakiti. Tafuta jirani mwenye ng'ombe, mwekeane saa, na chupa yako itakungoja mlangoni.

Samaki, mchele na nguo bado tunafuata Nakuru. Wengi wetu tunabeba hivyo tu kutoka jijini, na mboga tunanunua tukishashuka Njoro. Usifanye kinyume. Nimeona majirani wapya wakinunua waru sokoni Nakuru na kuzirudisha kwenye mji zilikotoka. Mwezi mzima hawajui jina la mama mboga wa kona yao, halafu wanasema watu wa Njoro ni wagumu kuzoeana nao.

Mji mdogo hauchoshi?

Unategemea kinachokufurahisha. Hakuna sinema wala maduka makubwa ya ghorofa. Kuna mechi ya mpira uwanjani, kuna makanisa, kuna chama cha akina mama, kuna hoteli ndogo za chai na mandazi ambako habari hufika kabla ya redio.

Mimi hupenda kutembea, na nakushauri utembee ukijua unapokanyaga. Nchi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai, na msituni Mau walikaa Waogiek. Mwaka 1903 mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alipewa ekari laki moja hapa. Alipojaribu ngano, ugonjwa wa kutu ya ngano ukaimaliza, akamwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu hadi ipatikane inayostahimili. Kazi ile haijakoma. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko hapa, leo chini ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, hupokea ngano kutoka nchi nyingi na kuipanda makusudi mahali penye kutu, ionekane ipi itasimama. Ilipotokea ile kutu kali iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, inayoitwa Ug99, wataalamu wa dunia nzima walileta mbegu zao zijaribiwe Njoro. Mkate unaokula mbali sana na hapa unaweza kuwa na deni kwa shamba ninalolipita kila asubuhi.

Egerton nayo ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya wazungu, kwa ardhi aliyoitoa Lord Maurice Egerton, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kasri lake liko njia ya Ngata, jumba la mawe lenye vyumba 52 alimoishi bila mke hadi alipofariki mwaka 1958. Wapeleke watoto Jumamosi moja. Mto Njoro, unaotoka Mau na kuingia Ziwa Nakuru, unapita karibu na mji. Baada ya mvua kubwa usiwaruhusu watoto kuuchezea.

Na ukimya. Usiku nikiamka nasikia mbwa wa mbali, na tone la maji likianguka ndani ya tangi. Miaka niliyokaa Shabab sikuwahi kusikia tone la maji.

Naweza kununua ploti?

Unaweza, lakini usikimbizwe. Dalali yeyote anayekuambia kuna mteja mwingine anakuja na pesa kesho, mwambie amuuzie huyo mteja.

Ploti inayotangazwa hapa kwa kawaida ni futi 50 kwa 100. Watu huiita thumni ya ekari, lakini hiyo ni futi mraba 5,000, na thumni kamili ni 5,445. Tofauti hiyo ni chumba kizima. Mwite mpimaji aonyeshe bikoni (alama za mpaka) zote nne ukiwa umesimama hapo, na muulize jirani wa kila upande. Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, usikubali karatasi uliyoletewa. Kama shamba bado limesajiliwa kuwa la kilimo, mauzo hayana nguvu bila idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mke au mume wa muuzaji lazima akubali.

Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za wanahisa baada ya Uhuru, na wapo watoto na wajukuu wanaoshikilia cheti cha hisa tu, bila hati. Cheti cha hisa si hati miliki. Mtu akikuonyesha hicho peke yake, mshukuru kwa chai, urudi nyumbani. Shangazi yangu hakurudi. Alilipa, akazungushia ua, akapanda miti, na mwaka wa tatu akaja mwenye hati.

Upande wa juu, unaopakana na msitu wa Mau, ongeza tahadhari mara mbili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba haki za Waogiek juu ya ardhi yao zilikiukwa. Ukinunua hapo bila kuuliza, unaweza kuwa unanunua kilio cha mtu mwingine.

Ni salama? Kabila langu litakuwa tatizo?

Watu huniuliza hili kwa sauti ya chini, na nitalijibu kwa sauti ya kawaida. Wizi mdogo upo: kuku, simu, nguo kambani. Jitambulishe kwa mzee wa mtaa na kwa Nyumba Kumi wiki ya kwanza, usingoje hadi uibiwe.

Kuhusu kabila, eneo hili liliumia vibaya katika ghasia za mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Waliochomewa nyumba na waliokimbia wangali hai, baadhi ni majirani zangu. Kwa hiyo usije na mdomo wa siasa. Lakini pia nakuambia ninachokiona kila siku: Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na wengine wanauziana maziwa, wanazikana, wanasoma darasa moja. Lugha yetu stejini na sokoni ni Kiswahili. Zungumza Kiswahili, hata ukimkuta mwenye lugha ya mama yako, kama kuna mtu wa tatu karibu. Ni adabu ambayo mji huu umeilipia kwa bei kubwa.

Nikiugua usiku?

Njoro kuna hospitali ya kaunti ndogo, na magonjwa makubwa hupelekwa hospitali ya rufaa Nakuru. Hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali. Hifadhi kwenye simu namba za watu wawili wenye magari, na wewe uwe umewahi kuwasalimu mchana.

Biashara itashika?

Chakula, kuchapisha karatasi, nguo za mitumba na kinyozi hushika, kwa sababu ya wanafunzi. Lakini weka akiba ya miezi mitatu. Chuo kikifungwa, Njokerio hunyamaza ghafla, na kodi ya kibanda hainyamazi.

Nihamie na familia moja kwa moja?

Hapana, tafadhali. Njoo kwanza mwenyewe, tena njoo Aprili au Julai, usije Januari wakati kila kitu kinapendeza. Kodisha chumba mwezi mmoja. Panda matatu ya alfajiri wiki nne mfululizo, rudi nayo jioni mvua inaponyesha. Nunua mboga kwa mtu mmoja hadi akujue. Na siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kufungua begi, jaza chupa moja ya maji ya ploti hiyo uipeleke ikapimwe. Ukija na majibu yake mkononi, nipigie, nitakuonyesha nyumba zenye tangi.